Nimekuta vidonge kwenye begi la binti yangu, shule inasema nilishasaini

Shikamoo Anti. Naandika saa nane usiku, usingizi umekataa kabisa, mume wangu yuko hapa pembeni kajifanya kalala ila namsikia anavyojigeuza.

Nina binti wa miaka 14, mtoto wetu wa kwanza. Wiki iliyopita natafuta daftari lake la hesabu kwenye begi nikakuta pakiti ya vidonge imebaki nusu. Nikasoma jina, amitriptilini, nikaingia mtandaoni nikakuta ni dawa ya sonona, mikono ikaanza kutetemeka. Mimi mtoto huyu hata dawa ya mafua nampa kwa mkono wangu, nahesabu mwenyewe.

Nilipomuuliza alinyamaza muda mrefu halafu akalia, akasema kapewa kliniki, wiki ya tatu sasa anameza kimoja kila usiku. Aliyempeleka ni mwalimu wa malezi wa shuleni kwao, kwa sababu alikuwa halali usiku na akiwa darasani moyo unaenda mbio mpaka anahisi kama anakufa. Na huyo mwalimu amekuwa anamuona kila Jumatano wakati wenzake wako michezoni, miezi miwili. Miezi miwili Anti! Na mimi kila jioni namuuliza shule ilikuwaje ananiambia poa tu mama.

Kesho yake asubuhi nikawa shuleni. Mkuu wa shule alinipokea vizuri sana sitamsingizia, akafungua faili akanionyesha fomu niliyosaini siku tunamwandikisha mtoto, imeandikwa nakubali mwanangu apatiwe huduma za afya na ushauri pale inapohitajika. Saini ni yangu kweli. Siku ile nilisaini makaratasi sijui kumi sijui kumi na mbili, foleni nyuma yangu, mtoto mdogo mgongoni, nani alisoma? Akaniambia kwa upole kabisa, kwa hiyo mama ridhaa yako tunayo. Nikaenda kliniki, kule nako nikaambiwa mtoto aliomba mzazi asiambiwe na wao wanatunza siri ya mgonjwa. Huyo mgonjwa ni mtoto niliyemzaa mimi.

Sasa kinachoniuma kuliko vyote. Alipokuwa mdogo, kuanzia mwaka mmoja mpaka karibu minne, huyu mtoto alikuwa anapata degedege homa ikipanda, mara mbili tulilazwa. Hakuna mtu aliyeniuliza. Nilibahatika kuiona karatasi ya kliniki, sehemu ya magonjwa ya zamani imeandikwa hakuna. Yeye mwenyewe hakumbuki, atakumbukaje alikuwa mtoto mchanga?

Mume wangu anasema vidonge vitupwe chooni, mtoto ahame shule wiki hii hii, na mwalimu tumshtaki. Binti ananiambia mama mkinihamisha mimi na shule basi tena, yule mwalimu ndiye mtu pekee anayenielewa. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakae peke yangu kwanza. Nikwambie ukweli pia, baba yake si mtu wa kupiga ila kwenye masomo ni mkali, matokeo yakishuka nyumba nzima inajua.

Naomba unijibu Anti, wana haki kumpa mwanangu dawa bila mimi kujua? Na mimi nina haki kujua anachoongea na huyo mwalimu? Bado ni mzazi au nimebaki mlipa ada?

Mama wa binti

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Nimesoma barua yako mara tatu.

Kabla ya habari ya haki nianze na vidonge, maana hilo halisubiri. Msivitupe na msimkatishe ghafla, mtu aliyemeza dawa hii wiki kadhaa akiacha siku moja anaweza kupata kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kuharibika zaidi ya mwanzo, na binti yenu atajifunza kwamba akisema ukweli anaadhibiwa. Mpigie daktari aliyeiandika kliniki ikifungua tu, umwambie habari ya degedege, ilianza lini, iliisha lini, alilazwa mara ngapi. Amitriptilini ni dawa ambayo maelezo yake yenyewe yanataka tahadhari kwa mtu aliyewahi kupata degedege au kifafa kwa sababu inaweza kurahisisha hali hiyo kurudi. Hii haina maana lazima imemdhuru, degedege ya homa ya utotoni iliyoisha yenyewe na kifafa ni vitu viwili tofauti na daktari anaweza kuamua aendelee au ampunguzie taratibu au ambadilishie, ila aamue akiwa anajua. Mpaka sasa ameamua akiwa hajui. Na akipata degedege sasa hivi, au moyo kwenda ovyo, au akalala usingizi usio wa kawaida haamshiki, hapo usipige simu kliniki, mkimbize hospitali.

Pakiti iwe kwako, mahali pa kufungwa, umpe kimoja kimoja usiku. Dawa za kundi hili mtu akizidisha zinashambulia moyo, haziachi nafasi kubwa ya kukosea. Hazikai kwenye begi la mtoto wa miaka 14 ambaye yuko kwenye wakati mgumu, hazikai kabisa.

Na kuna onyo ambalo nadhani hakuna aliyekupa. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona, hii ikiwemo, ziwekewe onyo kali kuliko yote kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujidhuru, hasa wiki za mwanzo na pale kipimo kinapobadilishwa. Binti yako yuko wiki ya tatu. Onyo lile linataka familia na walezi waambiwe wamwangalie kwa karibu, kama amebadilika, kama hatulii, kama anaongea vitu vya kuaga aga. Sasa jiulize, nani anamwangalia saa nane usiku? Mwalimu wa malezi yuko kwake, daktari yuko kwake. Uliyepo ni wewe, na wewe ndiye hukuambiwa. Muulize mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama amewahi kuwaza kufa au kujiumiza. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, wazazi wengi wanaogopa hilo, kinyume chake mtoto aliyekuwa nalo anapumua. Akikwambia ndiyo, usimwache peke yake na usingoje asubuhi.

Haya sasa swali lako la kwanza, na nimeanza na dawa makusudi kwa sababu jibu limo humo humo. Watu wanadhani ridhaa ya mzazi ni saini, yaani heshima fulani anapewa mzazi ili asijisikie vibaya. Ridhaa ni mazungumzo, saini ni alama tu kwamba mazungumzo yalifanyika. Mtu anakueleza tatizo ni nini, dawa ni ipi, inafanya nini, ina hatari gani, kuna njia gani nyingine, tusipofanya chochote itakuwaje, wewe unauliza, unajibiwa, unakubali au unakataa bila kusukumwa. Na wakati wa hayo mazungumzo ndipo mama anasema daktari ngoja, huyu alikuwa na degedege. Ukimruka mzazi umeruka na historia ya mgonjwa, ndiyo maana ile karatasi imeandikwa hakuna.

Kwa hiyo fomu ya siku ya kuandikisha haifiki huko. Ile inatosha mtoto akianguka uwanjani afungwe bandeji, apimwe joto, apewe kitu cha kutuliza maumivu, akizidiwa akimbizwe hospitali. Siku unasaini binti hakuwa na tatizo hili, hakuna mtu angeweza kukueleza dawa ambayo haijafikiriwa, sasa ulikubali nini? Kila jambo zito jipya linataka ridhaa yake. Mkuu wa shule aliposema ridhaa yako tunayo alikosea, hata kama aliongea kwa upole. Na ujue ridhaa uliyotoa unaweza kuiondoa au kuipunguza wakati wowote, kwa maandishi.

Ila nitenganishe mwalimu na kliniki hapa, maana mume wako amewafunga kamba moja. Mwalimu kumsikiliza mtoto anayehisi moyo unapasuka darasani hahitaji saini yako, na mimi ningeogopa shule ambayo mtoto akilia mwalimu anasema ngoja kwanza nitafute fomu. Huyu mwalimu, awe mama au baba, aliona kitu ambacho nyie wawili hamkukiona nyumbani, na alitoa Jumatano zake. Mshukuruni kwa hilo, nasema kwa moyo wote. Kosa lake ni pale alipotoka kwenye kusikiliza akaingia kwenye kumpeleka mtoto kwa daktari, huo ni mlango mwingine na hapo alitakiwa asimame akutane nanyi kwanza. Kosa la kliniki ni kubwa zaidi, wao ndio wanaoijua dawa.

Kuhusu siri sasa, nikueleze kesi moja kwa sababu nadhani kliniki wanaegemea mawazo yaliyotokana nayo hata kama hawaijui kwa jina. Uingereza kulikuwa na mama mmoja, Victoria Gillick, mama wa watoto 10, alikwenda mahakamani kutaka binti zake wasipewe ushauri wala dawa za uzazi wa mpango kabla ya miaka 16 bila yeye kukubali. Mahakama ya rufaa ilimpa ushindi, kesi ikapanda mpaka kwa majaji wa juu kabisa na mwaka 1985 akashindwa, watatu kwa wawili. Walichosema ni kwamba haki ya mzazi ipo kwa ajili ya mtoto, na inapungua kadiri mtoto anavyopata akili ya kuelewa jambo lenyewe kikamilifu, kwa hiyo mtoto chini ya 16 anayeelewa kweli kweli anaweza kuridhia mwenyewe. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini majaji wale wale walisema daktari kwanza ajaribu kumshawishi binti amwambie mzazi, au akubali daktari amwambie. Hilo ndilo swali lako la kwanza kwa kliniki, nani alijaribu kumshawishi, alisema nini, iliandikwa wapi? Mtoto kusema usimwambie mama ni mwanzo wa kazi ya daktari, haikuwa ruhusa ya kufunga faili.

Na kuelewa kunapimwa kwa jambo lililopo mezani, si kwa umri peke yake. Mtoto wa miaka 14 anaelewa vizuri kabisa kushonwa kidonda. Dawa inayogusa akili na moyo, yenye onyo kama lile, inataka uelewa mwingine. Halafu huyu hakuijua historia ya mwili wake mwenyewe, anaridhiaje hatari ambayo hajui kwamba inamhusu? Hata angekuwa na akili kuliko sisi wote, hapo alikosa taarifa, na mwenye taarifa alikuwa nyumbani anasubiri aambiwe shule ilikuwaje. Umri wa kuridhia peke yake unatofautiana nchi na nchi, England ni 16 tangu sheria ya 1969, kwenu ulizia kwa mwanasheria au ofisi ya ustawi wa jamii kabla mume wako hajatamka neno kushtaki tena.

Mume wako nina neno lake. Najua ana hasira na hasira yake ina msingi. Tamko la haki za binadamu la 1948, kifungu cha 26, linampa mzazi haki ya kwanza kuchagua aina ya elimu ya mwanawe. Mahakama ya juu ya Marekani mwaka 1925 ilikataa sheria ya jimbo la Oregon iliyotaka watoto wote wasome shule za serikali tu, ikasema mtoto si mali ya serikali. Lakini mahakama hiyo hiyo mwaka 1944 ikasema mzazi ana uhuru wa kujitoa mhanga mwenyewe, hana uhuru wa kumtoa mhanga mtoto. Na mkataba wa haki za mtoto wa 1989 umeyaweka yote pamoja, kifungu cha 5 mzazi anamwongoza mtoto kadiri uwezo wa mtoto unavyokua, cha 12 mtoto asikilizwe kwenye mambo yanayomhusu, cha 18 wajibu ni wa wazazi wote wawili na kinachotangulia ni maslahi ya mtoto. Baba akitaka kusimama kwenye haki yake asimame, ila ajue amesimama juu ya nini. Kumtoa mtoto kwa mtu pekee anayeongea naye, katikati ya dawa, wiki ya tatu, ili shule ikome, hiyo inamuumiza mtoto, shule haitaumia hata kidogo.

Umeuliza kama una haki ya kujua anachoongea. Unachotakiwa kujua ni hali yake, hatari kama ipo, dawa, rufaa ya kupelekwa kliniki, mpango wa wiki zijazo, na rekodi rasmi za shule. Marekani sheria ya 1974 inawapa wazazi haki ya kuona rekodi za shule mpaka mtoto afike 18, lakini maelezo binafsi anayojiandikia mwalimu kwa kumbukumbu yake tu hayamo humo, na mimi naona wamepatia. Anachosema kuhusu wewe, baba yake, rafiki zake, kiache kwake. Ukilazimisha kile utakipata mara moja tu halafu hatasema tena popote.

Nije kwenye lile ulilopitia haraka haraka, baba mkali kwenye masomo nyumba nzima inajua. Kuna wakati shule inanyamaza kwa haki kabisa, pale mtoto anapokuwa na hofu ya mtu wa nyumbani. Sisemi ndivyo kwenu, umesema hapigi na nakuamini, ila mtoto haogopi fimbo peke yake. Usingizi ukikata na moyo ukikimbia darasani, huenda alama zinahusika, ingawa naweza kuwa nakosea, yeye ndiye anajua. Mkae naye wote wawili, baba aanze kuongea, na asianze na kwa nini hukutuambia. Aseme tu, tulifanya nini mpaka ukaona bora usituambie. Halafu anyamaze. Akijitetea hata kwa neno moja, mazungumzo yameisha, mwambie hilo mapema mkiwa chumbani kwenu.

Shule waandikieni barua, si ya matusi, barua ya wazazi wawili yenye saini mbili. Ombeni nakala ya rufaa, nani aliamua kumpeleka kliniki na tarehe gani. Semeni ushauri nasaha wa Jumatano uendelee, mnaukubali kwa maandishi. Semeni dawa yoyote mpya, kipimo chochote, safari yoyote ya kliniki isiyo ya dharura lazima mpigiwe simu kwanza. Na waombeni wavunje ile fomu ya jumla iwe vipengele, kila kipengele na kisanduku chake cha kukubali au kukataa, kwa sababu kuna wazazi wengine kwenye ile foleni na wao walisaini wakiwa na mtoto mgongoni. Mkiona kliniki haitaki kujibu, malalamiko yanakwenda kwa baraza linalosajili madaktari, hapo hamhitaji kugombana na mtu getini.

Kwa leo lakini, daktari kwanza. Nenda na binti, na kabla hamjatoka nyumbani mwambie utakachokwenda kusema, neno kwa neno, asishtukizwe tena na watu wazima. Mkifika mwanzoni kaeni wote, ueleze degedege, muulize maswali yako. Halafu wewe mwenyewe, kabla hujaombwa, mwambie daktari sasa nawapisha dakika kumi aongee peke yake, utoke ukae kwenye benchi. Ukirudi ndani hakikisha lile neno hakuna limekatwa kwa kalamu mbele yako, pameandikwa degedege za homa, tangu mwaka mmoja mpaka karibu minne, kulazwa mara mbili, na binti asome mwenyewe, maana ni historia yake na hakuwahi kuijua.